Ng'ombe wa Zahanati

Zahanati ilijengwa kabla kaka yangu hajaingia siasa. Ilikuwa na vyumba vitatu, paa la mabati ya buluu, tangi la maji juu ya jukwaa la chuma, na kuta nyeupe ambazo vumbi lilizigeuza rangi ya udongo kabla hata ya kutumika. Serikali ya kaunti iliijenga, mkandarasi akaikabidhi, kufuli likatiwa mlangoni, na kufuli hilo ndilo lililokuwa mfanyakazi pekee aliyewahi kutumwa pale. Mbuzi walilala barazani jua likiwa kali. Watoto walichora ngamia ukutani kwa makaa. Ukitoka mjini Kakuma kwa bodaboda, ukishavuka laga, ule mto wetu unaokauka miezi mingi, na kupita vichaka vya mathenge, uliiona kwa mbali iking'aa, ukadhani watu wa huko wamebahatika.

Mke wa mdogo wetu alipita mbele yake akiwa na uchungu wa kuzaa, amekalishwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na mama yetu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na laga lilikuwa limejaa. Walisubiri ukingoni mpaka ikawa wazi kwamba maji hayapungui, wakarudi, wakamlaza kwenye baraza la zahanati, nje ya mlango uliofungwa. Alifia hapo, yeye na mtoto.

Kaka yangu alifika mchana. Jambo la kwanza alilofanya ni kufukuza mbuzi. Halafu akaketi karibu na mama, na aliponyanyuka alisema maneno machache ambayo watu wote waliokuwepo waliyasikia: mlango huu utafunguliwa, na nitaufungua mimi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga safari. Kila alichofanya baadaye katika siasa, kizuri na kibaya, kilitokana na maneno hayo.

Wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Alinunua Kakuma na vijiji vyake, akasafirisha hadi Lokichar, ambako wakandarasi wa mafuta walikuwa wamefungua midomo mingi ya kulishwa. Alikuwa na Kiswahili kizuri cha barabarani na Kiingereza kidogo cha risiti. Mimi nilikuwa ripota wa redio ndogo mjini Lodwar, na kazi yangu ilikuwa kuketi katika roshani ya waandishi kwenye bunge la kaunti na kusikiliza. Kwa hiyo nilijua, kuliko yeye, nyumba aliyokuwa akitaka kuingia. Sikumkataza. Aliniuliza swali moja tu: je, ni humo ndani wanapoamua muuguzi apelekwe wapi? Nikamwambia ndiyo, kwa sehemu. Akasema sehemu inamtosha.

Aliingia kwanza kwa njia ya kawaida, kupitia chama kikubwa cha wakati huo. Alilipa ada, akapiga kampeni, akashinda mchujo katika vituo vyote isipokuwa kimoja. Tulikwenda Lodwar kuchukua cheti cha uteuzi, karatasi inayomruhusu mtu kugombea kwa jina la chama. Katika hoteli ambako vyeti vilikuwa vikitolewa, jina la wadi yetu lilisomwa, na mtu mwingine akasimama kupokea, mtu ambaye alikuwa wa tatu.

Kaka alimfuata afisa wa chama hadi mezani kwake.

"Mimi ndiye nilishinda," akasema.

"Ulishinda kura," afisa akamjibu huku akikoroga chai. "Cheti ni kitu kingine."

Hapo ndipo alipokuwa mgombea huru. Wengi hudhani mgombea huru ni mtu mwenye msimamo uliokuwa umekomaa kifuani mwake miaka mingi. Nimewafuatilia kadhaa kwa kazi yangu, na karibu wote niliowajua walikuwa watu walionyimwa cheti. Uhuru wenyewe huja baadaye, kama kovu.

Baba yetu mdogo, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa boma baada ya baba kufariki, hakupenda habari hizo.

"Mtu bila chama atakaa wapi humo?"

"Nitakaa kwenye kiti changu, baba."

"Kiti utapewa. Nauliza utakaa na nani."

Kaka akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona viti vyenyewe.

Nilipewa kazi ya kutafuta fulana za kampeni. Ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma kulikuwa na fundi cherehani kutoka Kongo, mtu mnene na mcheshi, aliyeshonea makanisa yote sare za kwaya. Aliniuliza rangi.

"Yoyote isiyo ya chama," nikasema.

Akatazama vitambaa vyake rafuni. "Nyekundu iko na wenyewe. Kijani iko na wenyewe. Njano iko na wenyewe. Huyu kaka yako atavaa nini? Atatembea uchi?"

"Kijivu je?"

"Kijivu ni ya wanafunzi." Akakunjua kitambaa cha kahawia. "Kule kwetu, mutu hana chama anakufaga mapema. Hapa kwenu mutamupa kiti kwanza, halafu atakufa pole pole. Ni maendeleo."

Tukachukua kahawia. Alishinda. Alishinda kwa sababu watu walimwona akifukuza mbuzi siku ile, na kwa sababu aliyepewa cheti hakuwahi kulala kijijini hata mara moja tangu azaliwe. Wanawake wa boma letu walimsindikiza hadi barabarani akienda kula kiapo, na mama alimpaka mafuta kifuani kama anayekwenda malisho ya mbali.

Siku ya kwanza bungeni, mpambe alimwongoza hadi kiti kilichokuwa karibu na mlango. Upande mmoja walikaa walio wengi, upande mwingine walio wachache, na kiti chake kilikuwa mwisho wa safu, mahali ambapo kila anayetoka kujibu simu humkanyaga mtu miguu. Niliketi roshani. Mhariri wangu alikuwa ameniambia nisiandike lolote kumhusu ndugu yangu, na hilo lilikuwa agizo la haki, lakini hakuniambia nisitazame.

Walimpa jina siku hiyo hiyo. Walimwita Bwana Huru.

"Bwana Huru, leo uko upande gani?"

"Upande wa mlango," akajibu. "Nikichoka nitoke haraka."

Walicheka, naye alicheka nao. Kwa majuma ya mwanzo alidhani kicheko hicho ni urafiki.

Kazi halisi ya bunge haifanyiki ukumbini. Inafanyika katika kamati, na nafasi za kamati hugawanywa na viranja wa pande mbili, ambao kazi yao ni kuhesabu watu wao na kuwalisha. Kaka hakuwa mtu wa kiranja yeyote. Aliomba kamati ya afya. Kiranja wa walio wengi akamwambia nafasi za upande wake zimejaa. Wa walio wachache akamwambia hivyo hivyo, kwa huruma zaidi. Orodha iliposomwa, jina lake lilikuwa katika kamati ya maktaba. Bunge hilo halikuwa na maktaba. Lilikuwa na kabati lenye magazeti ya zamani, na ufunguo wake alikuwa nao mtu aliyekuwa likizoni.

"Basi nitasoma," kaka aliniambia tulipokuwa tukila nje ya soko la Lodwar. Alikuwa bado na moyo. Kila Jumatatu alikwenda ofisi za afya kuuliza habari za muuguzi. Aliketi kwenye benchi pamoja na watu waliotafuta kazi, na alipoitwa ndani alizungumza Kiswahili akajibiwa Kiingereza, hadi mwishowe alijifunza maneno machache ya ofisi hizo na kuyarudia kwangu kwa kuyaiga: wametenga, wanapitia, wanasubiri idhini. Hakuna aliyemkatalia. Ningependa wasomaji walijue hilo. Katika muda wote ule, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba zahanati haitafunguliwa.

Aliamua kupeleka hoja. Aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, mimi nikainyoosha. Ilikuwa fupi: kwamba bunge liitake idara ipeleke wauguzi na dawa katika kila zahanati iliyojengwa na kufungwa, akaanza na ya kwetu, akataja na nyingine zilizokuwa katika hali hiyo hiyo katika wadi za wenzake. Alifikiri kutaja wadi zao kungewafurahisha. Aliwazungukia mmoja mmoja. Mwenzake mmoja, mtu wa kusini ambako wanalima kwa maji ya mto Turkwel, alimwambia waziwazi kwamba atasimama kuiunga mkono, kwa sababu hata kwake kulikuwa na jengo la namna hiyo lililojaa popo.

Kanuni ni hii: anayeleta hoja huizungumzia, halafu mwingine husimama kuiunga mkono. Asiposimama mtu, hoja inaanguka papo hapo, hata kama ni nzuri kiasi gani, na haijadiliwi.

Kaka alizungumza vizuri. Alizungumza Kiswahili, lugha inayoruhusiwa humo, ingawa anayeitumia hutazamwa kama aliyekuja na viatu vya akala, vya matairi ya gari. Alieleza habari ya shemeji yetu bila kupandisha sauti. Ukumbi ulinyamaza, na nilidhani unanyamaza kwa kusikiliza. Akamaliza, akaketi. Spika akauliza nani anaunga mkono.

Mtu wa kusini alikuwa akitazama simu yake. Wengine walitazama meza. Kiranja wa walio wengi alikuwa amegeuza shingo, akipitisha macho polepole juu ya safu zake kama mchungaji anayehesabu mifugo jioni, na mwenzake wa upande wa pili alikuwa akifanya vivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wawili hao wakifanya kazi pamoja. Spika akauliza tena. Kiyoyozi kikanguruma. Kisha akasema hoja imeanguka, na karani akasoma jambo lililofuata, ambalo lilikuwa safari ya mafunzo.

Nilimkuta kaka kwenye mkahawa wa bunge. Mtu wa kusini alikuja akaketi mbele yetu na sahani yake.

"Kaka, usinichukie. Nilikuwa naangalia simu."

"Niliona."

"Wewe huna mtu wa kukuuliza. Mimi niko na watu wa kuniuliza." Akavunja chapati. "Hoja yako ni nzuri, lakini mwenye hoja ndiye shida. Ungekuwa wa kwetu, ningesimama kabla hujamaliza."

"Na popo wako?"

"Popo wangu watangoja," akasema, na akala.

Baada ya siku hiyo kaka alibadilika. Si kwamba alikata tamaa, ningelielewa hilo. Alianza kuhesabu. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara wa mbuzi anajua kwamba mnyama asiyetakiwa Jumatano anaweza kugombaniwa Jumamosi. Akawa anangoja siku ambayo kura moja itakuwa na bei.

Ukame ulikuja katikati ya kungoja huko. Vijiji vya wadi yake vilikunywa kwa kuchimba mchanga wa laga, na wanawake walipeleka kuni kambini kubadilishana na maji ya mabomba ya wakimbizi. Waziri wa maji wa kaunti, mtu mkimya asiyependwa na bunge kwa sababu hakujua kuchangamka nao, alituma lori la maji bila kuombwa mara ya pili. Lilikuja kwa msimu wote. Alikuwa afisa pekee Lodwar aliyekuwa akimpigia kaka simu badala ya kupigiwa.

Na ndiye huyo ambaye walio wengi waliamua kumng'oa. Sababu zilizoandikwa kwenye hoja nilizisoma mara nyingi kwa ajili ya kazi yangu, na sikuona humo jambo ambalo ningethubutu kulitangaza kama kosa. Lakini hesabu ya kiranja ilikuwa imekaribia, ikapungua kidogo tu, na asubuhi moja akamtafuta kaka kwenye hoteli alikokuwa akinywa chai. Nilikuwepo. Hakunifukuza, alidhani, kwa haki, kwamba dada hataandika.

"Mheshimiwa, kura yako inatusumbua kuliko ya adui," kiranja akasema. "Ya adui tunajua inalala wapi."

"Nataka wauguzi wawili," kaka akasema. "Dawa. Friji ya chanjo. Na mlango nifungue mimi, si chama."

Kiranja akangoja. "Na wewe mwenyewe?"

"Nimemaliza."

"Hujataja chochote chako."

"Hiyo ndiyo yangu."

Kiranja alinitazama, kama anayeuliza kama ndugu yangu ni mzima. Halafu akasema hakuna shida, ila kiongozi wa walio wengi atapenda kuhudhuria siku hiyo kama mgeni. Mgeni tu. Kaka akakubali.

Alipiga kura ya kumwondoa yule aliyetuletea maji. Aliita "ndiyo" kwa sauti ya kawaida, mwisho wa safu, karibu na mlango. Tulipokuwa tukitoka nilimuuliza kama anaona vizuri alichofanya. Akasema, "Yeye atapata kazi nyingine. Wanawake wa kule wanapata nini kingine?" Waziri hakumpigia tena simu.

Walitimiza ahadi, na hili nalo ningependa lijulikane. Wauguzi walifika, dawa zikafika, friji ikafika ikiwa imefungwa kwa godoro. Siku ya ufunguzi ilipangwa, na hapo kaka akapigana vita ambavyo sikuwahi kumwona akipigana bungeni. Watu wa itifaki walitaka kupamba kwa rangi za chama. Akakataa, wakapamba kwa nyeupe. Walileta bamba la kubandika ukutani lenye jina la kiongozi. Akalirudisha Lodwar kwa gari lile lile lililolileta. Walitaka kiongozi akate utepe. Akasema utepe atakata mama yetu, mkono wake ukiwa umeshikwa na yeye mwanawe, na kama hawataki basi wachukue na utepe wao. Walichoka, wakampa kila alichotaka. Siku nzima kabla ya sherehe alikuwa akizungukazunguka jengo akihakikisha hakuna kofia wala bango.

Na ng'ombe alitoa yeye. Maksai mweupe, mkubwa, aliyenunuliwa kutoka kwa baba mdogo.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Sherehe haina mwenyewe mpaka mnyama aanguke. Anayetoa ng'ombe ndiye anayemchoma mkuki, na yule aliyechoma ndiye atakayetajwa, mwaka huo na mwaka unaofuata, watu wakikumbuka siku hiyo. Haiandikwi popote. Utepe kwetu ni kitambaa. Umekuja na magari na huondoka na magari. Mzee aliyeketi pale na kigoda chake hakuwa na habari na utepe.

Kiongozi wa walio wengi alikuja na msafara, mtu wa makamo, mzaliwa wa mjini, mkarimu wa maneno. Mama alikata utepe akisaidiwa na mwanawe, mlango ukafunguliwa, tukaingia tukaona vitanda. Nilirekodi kelele za wanawake. Kaka alitoka nje akiwa amelegea kwa furaha, kama mtu aliyetua mzigo, na tukaenda mahali ambapo wanaume walikuwa wameketi kwa marika yao na maksai amesimamishwa.

Akaletewa mkuki. Kiongozi akasema kwa utani, "Na mimi mheshimiwa mtanipa kazi gani? Nimekuja kula tu?"

Kaka akageuza mkuki, akampa mpini. "Karibu," akasema.

Hakukuwa na hila yoyote. Nimeirudia sauti hiyo kwenye kinasa changu, na kwa hakika yule mgeni alikuwa akitania. Ilikuwa adabu. Baada ya kushinda kila kitu asubuhi ile, kaka alitaka kuwa mwenyeji mwema. Miaka ya Lodwar ilikuwa imemfundisha kuogopa utepe, bamba na rangi, na ikamsahaulisha kile ambacho watu wake walikuwa wakikitazama.

Kiongozi alichoma vibaya, ikabidi asaidiwe, lakini alichoma. Maksai akaanguka. Watu wa itifaki wakapiga picha, ila hata wao hawakujua walichokuwa wamepiga. Niligeuka nikawatazama wazee. Walikuwa wamenyamaza, si kwa hasira, bali kama watu wanaosikiliza tangazo.

Baba mdogo alikuwa amesimama karibu nami. "Nani amemwambia atoe mkuki?"

"Ni heshima tu, baba. Yule ni mgeni."

"Mgeni anapewa nyama," akasema, na akaenda kuketi.

Wanawake walianza wimbo jioni ile ile nyama ikiwa bado motoni, na walioimbwa humo walikuwa maksai mweupe na mwanaume aliyemwangusha. Kaka alikuwa akicheza nao. Sidhani kama aliyasikia maneno.

Zahanati ilifanya kazi. Wanawake walizaa humo, watoto wakachanjwa, na wauguzi hawakukimbia. Kwetu mtoto hupewa jina la tukio au la mtu, na kabla ya mwaka kwisha kulikuwa na wavulana kadhaa kijijini wanaoitwa jina la kiongozi wa walio wengi. Kaka alipopewa wa kwanza ambebe alicheka. Wa pili hakumbeba.

Alijaribu kueleza. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alikwenda boma kwa boma akisimulia habari za hoja iliyoanguka, za benchi la ofisi ya afya, za kiranja na kura. Watu walimsikiliza kwa upole. Wakamwambia wanajua alitembea sana. Halafu wakauliza ng'ombe alichomwa na nani, naye akasema alikuwa ng'ombe wake, na wao wakasema ndiyo, ng'ombe alikuwa wake, lakini alichomwa na nani? Kadiri alivyoeleza, ndivyo alivyoonekana kama mtu anayedai kurudishiwa zawadi aliyotoa mbele ya kadamnasi, na hakuna aibu kwetu inayozidi hiyo.

Uchaguzi ulipokuja, chama kilimsimamisha kijana mmoja mwenye duka la simu Kakuma. Hakuwa na sera. Nilihudhuria mikutano yake, na aliyosema yote yangeweza kuandikwa kwenye kiganja: mimi ni wa wale waliochoma ng'ombe wa zahanati. Watu waliitikia. Kaka alivaa tena kahawia na kutembea wadi nzima kwa miguu, kwa sababu alidhani mguu utasema ambacho mdomo ulishindwa. Malengelenge yakapasuka, likawa donda kisiginoni, naye akaendelea kutembea.

Alishindwa katika vituo karibu vyote. Kituo cha kijiji chetu, ambako mke wa mdogo wetu amezikwa, kilimpa kura za watu wa boma letu na za wengine wachache. Baba mdogo alisema, "Hawakukosea. Walihesabu walichoona." Nilimkasirikia kwa miezi, na hasira hiyo ilikuwa ya bure, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya mimi mwenyewe kila siku kazini.

Siku chache baada ya matokeo, kisigino kilivimba hadi akashindwa kuvaa kiatu. Nilitaka kumpeleka Kakuma mjini. Akasema kuna zahanati hapa. Nikamwendesha kwa pikipiki ya jirani.

Baraza lilikuwa limejaa wanawake na watoto. Walipomwona walisalimia, ejok, ejok-noi, kwa ukunjufu wa kawaida, na bibi mmoja mwenye shanga nyingi shingoni akamsogezea nafasi kidogo kwenye benchi.

"Keti hapa, mwanangu. Hapa hakuna kiti cha mheshimiwa, tunabanana."

"Nimeshazoea, bibi."

Akamtazama mguu. "Umetembea sana wewe."

"Sana."

"Na ulikuwa unatafuta nini huko kote, na kazi imeshafanywa na wenzako?" Aliuliza bila kejeli. Alikuwa amempakata mjukuu aliyekuja kuchanjwa. "Ona, friji iko. Nesi yuko. Wale watu wa ng'ombe wametusaidia."

Nilifungua mdomo. Kaka akaniwekea mkono gotini.

"Ni kweli, bibi," akasema. "Wamesaidia."

Muuguzi akatokeza kichwa mlangoni na kuita anayefuata. Bibi akampisha kaka kwa sababu ya mguu, naye akaingia akichechemea, huku ameshika mwimo wa mlango.